Betri Aliyoitoa Badru

Karakana ya Badru Marijani, pale Kiwalani, ni ya aina ile ambayo watu wa ofisini huiita gereji bubu. Aliyebuni jina hilo sijui alipita saa ngapi, labda saa ya swala, maana hakuna bubu mwenye makelele kama yale. Nyundo zinalia, mashine ya kuchomelea inakoroma, Polikarpo fundi rangi anaimba nyimbo za kwaya sauti zote nne peke yake, na kila baada ya muda ndege inapita chini chini kuelekea uwanjani. Ndege ikipita, watu wote husimamisha maneno midomoni mpaka iishe, kisha huendelea pale pale walipoishia, hata kama walikuwa wanatukanana.

Badru alikuwa fundi sailensa. Ukimwita fundi magari alikusahihisha hapo hapo. "Mie kazi yangu bomba la moshi," angekwambia, "kuanzia linapotoka kwenye injini mpaka mkiani. Mengine waulize wenyewe." Kazi hiyo aliipata mtaa wa Gerezani kwa mjomba wake, alikoanza kwa kukunja mabati ya majiko ya mkaa kabla ya kuaminiwa kugusa malori. Moshi ulimwoza Zubeda, binti wa Temeke aliyekataa wachumba wenye mashati meupe. Moshi ulimjengea vyumba vyake Kiwalani. Moshi ulimsomesha Hija, mwanawe wa pekee. Badru mwenyewe alipenda kusema kwamba watoto wa wenzake wamekuzwa kwa wali, wa kwake amekuzwa kwa moshi na hana kikohozi.

Aliyemlisha miaka yote hiyo ni Mjapani. Magari ya mitumba yakishushwa bandarini, Badru alijua riziki imetia mguu nchi kavu. Kule Japani, mikoa yenye theluji, barabara humwagiwa chumvi, na chumvi ile hula mabomba taratibu, hata gari likifika Dar linang'aa juu lakini chini limeoza. Wenye magari walilia, Badru alicheka. Hakuwahi kukanyaga Japani, lakini aliipenda kama mtu anavyompenda mjomba wa mbali anayetuma nguo alizokwisha kuzivaa.

Mchina alikuwa habari nyingine. Kwa Badru hilo halikuwa jina la mtu, lilikuwa hukumu. Kiatu kikibanduka soli, Mchina. Ndoa ikivunjika kabla ya mwaka, Mchina. Hata mvua ikinyesha kidogo ikakatika, Badru alitazama juu akasema, "Mchina hiyo," na karakana nzima ikacheka. Kicheko kilipungua siku Mchina alipojaza maduka sailensa mpya zilizokwisha kuungwa, bei chee, za kufunga na kwenda. Wateja wakaanza kupita mbele ya karakana wamezikumbatia chini ya kwapa, wakimsalimu Badru kwa adabu zote. Lakini pigo lenyewe lilikuja baadaye, na lilitokea ndani ya nyumba yake.

Hija alikuwa na mkono mwepesi kuliko wa baba yake. Mshono wake ulikuwa hauonekani. Ukipitisha kidole unadhani bomba limezaliwa hivyo. Badru alikuwa ameshamrithisha kila kitu moyoni mwake: mashine, kiwanja, wateja, hata jina. Asubuhi moja kijana akatamka kwamba amepata kazi kwenye kituo cha kubadilishia betri za pikipiki za umeme, kontena lililowekwa mwisho wa mtaa wao, karibu na madrasa. Dereva anakuja na betri iliyoisha, anachomoa, anapachikiwa iliyojaa, anaondoka. Pikipiki zenyewe hazina sailensa.

"Unaniacha kwa ajili ya Mchina?" Badru aliuliza.

"Baba, tazama dunia inavyokwenda. Mzungu anampandishia Mchina kodi ili magari yake ya umeme yasiingie, na bado yanaingia. Mjapani mwenyewe sasa hivi anahaha. Sie hapa tunavaa wanachovua wao. Wakiacha kuvaa petroli, sie tutavaa nini?"

"Tutavaa hizi hizi. Petroli iliyopo nchi hii itanizika mie."

"Itakuzika wewe, Baba. Mie je?"

Mzee asiye na jibu huwa na hasira. Alisema maneno ambayo Zubeda aliyasikia kutoka uani akaacha kutwanga. Hija hakurudisha hata moja. Alipokuwa anatoka alisema tu, "Ikija gari ya umeme hapa kwako usiiguse, Baba. Nipigie. Nipo hapo tu." Badru akaona kijana sasa anamfundisha kazi.

Toka hapo walisalimiana kila asubuhi, shikamoo na marahaba, yakaishia hapo. Alichokitaka Badru duniani kilibaki kimoja: Hija arudi kushika mashine. Aliomba jambo hilo kila swala, na mchana alilifanyia kazi kwa kununa.

Basi asubuhi moja Badru amechuchumaa anachagua vyuma chakavu, akasikia, "Shikamoo, Mzee Badru," mbele yake. Kuinua macho na kujiegemeza nyuma, anamwona Revelian, mhasibu wa Mbweni, mteja wake wa tangu zamani, mtu wa Bukoba aliyezoea kuja na gari lake la Kijapani linalokohoa.

"Marahaba, bwana Reve. Leo umekuja kwa miguu?"

"Kwa miguu? Umeliegemea gari langu, Mzee."

Badru aliruka mbele kama aliyeguswa na nyoka. Kweli, mgongoni pake lilikuwa limesimama gari jeupe, jipya, limekuja mpaka pale na yeye hakusikia kitu. Polikarpo alicheka mpaka akaweka brashi chini. Mauwa, mama lishe aliyekuwa na banda lake ubavuni mwa karakana, alijifuta machozi kwa kanga.

Revelian alikuwa anawahi ndege ya Bukoba, kwenye maziko ya shangazi yake, na hata hivyo alipata nafasi ya kulisifu gari. Kwa Wahaya nina ndugu zangu, sisemi zaidi. Alieleza kwamba viwanda vya Ujerumani na Japani siku hizi havilali usingizi kwa sababu ya magari kama lile, kwamba Mchina amewapita kwa betri, na wanaomcheka leo ndio watakaompigia magoti kesho. Kisha akainama akaonyesha uvunguni. Karibu na kwake Mbweni alikuwa amepanda jiwe, na bamba la chuma la kukinga chini lilikuwa limeng'oka upande, linaning'inia na kukwaruza lami njia nzima.

"Ungewarudishia waliokuuzia," alisema Badru.

"Nikiwafuata wao, shangazi atazikwa mie nipo kwenye foleni. Ni kuchomelea tu, Mzee, pembe moja. Ila aliyeniuzia alinionya jambo: kabla ya kuchomelea chochote, betri itolewe."

"Bwana Reve, tangu lini Badru akachomelea gari betri ikiwa ndani?"

"Ndiyo maana nimekuja kwako." Akampa funguo, akadandia bodaboda, akatoweka.

Badru alibaki analizunguka lile gari. Furaha aliyokuwa nayo haikuwa ya kazi ndogo ile. Gari la umeme lilikuwa limekuja lenyewe mpaka miguuni pake, likiomba mshono. Jioni Hija angepita pale na kuliona limetengenezwa, na Badru asingehitaji kusema neno. Angemwacha aone mwenyewe kwamba hata hao akina Mchina chuma chao kinavunjika, na kikivunjika kinamtaka mtu mwenye mashine.

Zubeda alikuwa amemletea chai. Alilitazama gari, akamtazama mumewe.

"Baba Hija, mtoto alisema umwite."

"Aje anifanyie nini? Anishikie tochi?"

"Alisema umwite."

"Mama Hija, nenda nyumbani."

Akafungua boneti. Vitu vya humo ndani vilimchanganya, maboksi na nyaya nene za rangi ya chungwa, injini hakuna. Lakini pembeni kabisa aliiona betri, ile ile anayoifahamu, ndogo, nyeusi, na vichwa vyake viwili vya risasi. Alifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Akalegeza nati, akaitoa, akaiweka juu ya tairi chakavu ambapo Polikarpo na Mauwa waliiona. Betri imetoka. Alifanya hivyo kwa kila gari tangu ujana, na hakuna gari lililowahi kumlalamikia.

Akapiga jeki, akalala chali, akajisukuma uvunguni. Miaka yote, ukilala chini ya gari, unakutana na mabomba, makunyanzi, mafuta, kutu, kazi. Hili chini lilikuwa bapa tupu, pana, limenyooka kutoka tairi za mbele hadi za nyuma kama meza iliyopigwa randa. Hapakuwa na chochote cha kwake pale. Alipitisha kiganja juu ya chuma kile kwa muda, akahisi kitu kinachofanana na msiba. Kisha akajikemea, akalisogeza bamba mahali pake, akabana waya wa athi wa mashine kwenye chuma, akashusha barakoa ya chuma usoni, akawasha.

Alishona kidogo, akasikia harufu. Haikuwa ya rangi kuungua wala ya mpira. Ilikuwa tamu, kama ya rangi ya kucha za wanawake. Akazima. Chuma juu ya uso wake kikaanza kutoa sauti ya kitu kinachokaangwa, kisha ukatoka moshi mweupe, mzito, unaoshuka badala ya kupanda. Badru alijiburuta nje kwa viwiko, na hata hajasimama sawasawa, moto ulitoka chini ya gari kwa mkupuo, umelala, mrefu, ukipiga mluzi.

Walimwaga maji, ukanyamaza, ukawaka tena. Walimwaga mchanga, ukanyamaza, ukawaka tena. Hija alifika mbio kutoka kituoni, anapiga kelele, "Rudini nyuma! Moshi wake sumu!" Akawa anahamisha makopo ya Polikarpo ya tina, ile ya kuzimulia rangi, kabla moto haujayafikia. Banda la Mauwa lilishika. Mwenyewe alikuwa ametoka salama, akarudi ndani kuokoa masufuria, na paa likamwangukia miguuni. Hija ndiye aliyemtoa kwa kumbeba mgongoni. Zimamoto walipofika walimwaga maji mpaka mtaa ukawa tope, na hata walipoondoka lile gari lilikuwa bado linafuka.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, Badru alimkuta mwanawe amechuchumaa mbele ya mabaki. Alikaa karibu naye. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kukaa hivyo.

"Betri nilitoa," alisema Badru. "Wote wameona."

"Uliyotoa ni ya taa na redio, Baba." Hija aliongea taratibu, bila ukali wowote. Akaokota kijiti akagusa lile bapa lililopasuka, ambalo ndani yake vilionekana vipande vyembamba vilivyopangwa, vimeungua na kuvimba. "Betri yenyewe ni hii yote. Sakafu nzima ya gari. Ulikuwa umelala chini yake."

Badru alitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaona aibu mbele ya chuma. Alingoja kijana aseme, nilikwambia uniite. Hija hakusema. Alisimama, akajipangusa, akasema, "Mungu amekuepusha, Baba. Tushukuru," akaenda kazini kwake.

Revelian aliporudi kutoka mazikoni alikuta mifupa ya gari. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akauliza swali moja tu: "Mzee wangu, betri ulitoa?"

Badru alifikiria gari lile na maisha yake yote yasiyoweza kulilipa. Alifikiria pia jina lake. "Nilitoa," alisema, na Polikarpo akadakia kutoka kule, "Alitoa, bosi, mie shahidi, iliwekwa juu ya tairi pale." Revelian akaamini, kwa kuwa naye betri aliyoijua ilikuwa ile ile. Alisema wenye bima watajua la kufanya, akaondoka akilaani kiwanda.

Tangu hapo mtaa ulipata hadithi yake, na hadithi ikapata miguu. Magari ya umeme yanalipuka yenyewe. Betri imetolewa na bado limelipuka! Mchina hiyo. Neno la utani wa Badru sasa lilikuwa kinywani mwa kila mtu, na hakuna aliyekuwa anacheka. Macho yakageukia mwisho wa mtaa, kwenye kontena lililojaa betri rafu hadi rafu, na watoto wa madrasa wakipita mbele yake asubuhi na jioni. Ukaitishwa mkutano.

Walikutania pale pale karakanani, penye majivu. Mauwa aliletwa kwa bajaji, miguu imefungwa bandeji, akakalishwa mbele. Wazazi walisema, wazee walisema, Polikarpo alisema na kuapa kwa watakatifu. Ndipo mwenyekiti wa mtaa akamgeukia Badru.

"Mzee Badru, wewe fundi, na kazi ilikuwa yako. Tusije tukamwonea mtu. Betri uliitoa, hukuitoa?"

Hija alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevaa fulana ya kazi yake. Badru alimwona. Aliwaona pia watu wote, wanaomwita fundi tangu mtaa una vibanda vya makuti, wanamsubiri yeye. Angeweza kusema, niliitoa ndogo, kubwa nikaichoma kwa ujinga wangu. Ni maneno machache, na yangemwacha kijana na kazi yake. Lakini mbele yake alikuwa amekaa Mauwa na ile miguu.

Neno likishapita kooni mara ya kwanza, mara ya pili huteleza lenyewe.

"Nilitoa," alisema Badru.

Mkutano ulivuma kama nyuki. Mwenyekiti alinyoosha mkono wakatulia. "Na wewe kijana wa kituo, hizi betri ndizo kazi yako. Una la kuwaeleza wananchi?"

Hija alimtazama baba yake. Alimtazama muda mrefu, hata watu wengine wakageuka kuona anatazama nini. Kisha akainamisha macho.

"Sina, Mwenyekiti," alisema. "Baba ameshasema."

Kontena lilinyanyuliwa na winchi wiki hiyo hiyo, likapelekwa Mbagala, na huko likachukua vijana wa huko. Madereva wa pikipiki za umeme wa Kiwalani wakawa wanasukuma pikipiki zilizoisha chaji mpaka mitaa ya mbali, na wengine wakarudia petroli. Revelian, nilisikia, alinunua tena la Kijapani. Nyumbani Zubeda alimpakulia mumewe chakula kama kawaida. Aliposogeza bakuli alisema, bila kumtazama, "Mtoto alikuwa anakungoja wewe useme," akaenda kulala. Zaidi ya hapo hakusema tena, wala hakuhitaji.

Mauwa alirudi baadaye kuuza vitafunio kwenye meza, anachechemea. Siku ya kwanza alimpigia Badru salamu kwa mbali. "Pole na wewe, fundi! Lile dude la Mchina lilitaka kutumaliza."

"Ndiyo, da Mauwa," alijibu Badru. Chapati aliyopelekewa alimpa Polikarpo.

Na Hija alirudi. Badru alikuwa ameomba miaka, na akapewa. Asubuhi moja kijana aliingia karakanani amevaa ovaroli yake ya zamani, akasema, "Shikamoo, Baba," akawasha mashine. Alifanya kazi vizuri kuliko zamani. Alifika mapema na kuondoka mwisho. Wazee wa msikitini walimpongeza Badru kwa mtoto aliyerudi kwenye njia ya baba yake, wakasema wengi wetu watoto wametupotea. Badru aliitikia amin, na kila alipoitikia, kifua kilimuuma kama aliyemeza mfupa.

Kwa sababu Hija hakubisha tena. Aliambiwa shona hapa, alishona hapa. Aliambiwa bomba hili halifai, na ingawa Badru mwenyewe alijua linafaa, kijana alilitupa. Badru alianza kukosea kwa makusudi, apate kusahihishwa. Siku moja ndege ilikuwa imepita, naye akaona ajaribu kwa nguvu zaidi.

"Hija, mie naona hii habari ya umeme imeshakufa," alisema. "Petroli itakuwepo milele. Mchina kashindwa. Au unasemaje?"

Akaweka nyundo chini, akangoja. Alitamani mwanawe ageuke na kumrarua kwa maneno, amtajie Wazungu na kodi zao, amwambie mbele ya Polikarpo na mtaa mzima kwamba yeye Badru ni mjinga na mwongo.

"Sawa, Baba," alisema Hija. "Utakavyosema wewe." Akashusha barakoa usoni, akaendelea kuchomelea.